Doa Jeusi Si Hukumu

Wajukuu zangu wa Mpanda na Nsimbo, wa Inyonga na Majimoto, wa Mishamo na Karema, katika karatasi zote mnazopewa hospitalini mkiwauguza wazee wenu, inayowatisha kupita zote ni ile ya rufaa inayosema mzee akapigwe skani ya mifupa katika kitengo cha tiba ya nyuklia, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hapa Katavi kipimo hicho hakipo. Neno "nyuklia" likishasomwa mbele ya ukoo, kikao kinaharibika. Mmoja anataja bomu la Hiroshima, mwingine anasema sindano ile inaunguza damu, wa tatu anashauri mzee apelekwe kwanza kwa mganga, na fedha iliyochangwa kwa nauli inabadilishiwa safari.

Mimi ni tabibu mstaafu. Karatasi hizo nimeziandika miaka mingi, na nimezipokea zikirudi na majibu. Jambo kubwa ninalotaka mlijue ni hili: picha ile haitaji jina la ugonjwa. Inaonyesha mahali ambapo mfupa una shughuli nyingi kuliko kawaida. Shughuli hiyo ni ya nini, hujulikana picha ikisomwa pamoja na historia ya mwenye mifupa, na historia hiyo mnayo ninyi watoto wake. Mashine haina.

Tuanze na mfupa wenyewe. Wengi hudhani ni kitu kilichokufa, kwa kuwa tunauona mkavu porini kule Ikuu, ambako viboko hufia kiangazi. Ndani ya mtu, mfupa uko hai. Kuna chembe zinazoubomoa na chembe zinazoujenga, usiku na mchana, tangu kuzaliwa hadi kufa. Mkono ukivunjika, chembe za ujenzi huongezeka pale palipovunjika. Goti likilika kwa uzee, huongezeka. Vijidudu vikiingia kwenye mfupa, au saratani ya tezi dume ikihamia kwenye pingili za mgongo, mfupa hujitetea kwa kujenga, na chembe zile zile huongezeka. Ndiyo maana kipimo kimoja kinaona mambo manne tofauti na kuyachora kwa rangi moja.

Picha ya eksirei, ambayo tunayo hapa, hupitisha mionzi kutoka nje ya mwili na kutuonyesha umbo la mfupa. Kwa mfupa uliokatika haina mpinzani. Kwa saratani inayoanza huchelewa, kwa sababu madini ya mfupa sharti yapungue kwa theluthi moja hadi nusu ndipo jicho litambue tofauti. Skani ya mifupa imegeuza njia: mionzi hutoka ndani ya mgonjwa, kamera ikakaa nje ikipokea. Kwa kuwa inafuata kazi ya mfupa badala ya umbo lake, mara nyingi huona mabadiliko wiki au miezi kabla ya eksirei.

Sindano yenyewe ina vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Cha kwanza ni kemikali ya jamii ya fosfonati, inayofanana na fosfati ambayo mwili hujengea mifupa. Mfupa huivuta, na penye ujenzi mwingi huivuta zaidi. Cha pili ni teknesiamu-99m, inayotoa mionzi ya gama ili tujue kemikali ile imekwenda wapi. Elementi hii ilitambuliwa mwaka 1937 na Carlo Perrier na Emilio Segrè huko Palermo, Italia, ndani ya kipande cha molibdenamu kilichokuwa kimepigwa kwa mashine ya utafiti ya Berkeley, Marekani, na ndiyo ya kwanza kupatikana kwa mkono wa binadamu. Mwaka 1971 Gopal Subramanian na John McAfee walionyesha jinsi ya kuifunga kwenye fosfati ili iende mifupani, na skani ya leo imetokana na kazi hiyo.

Teknesiamu-99m hupungua nusu kila baada ya saa 6. Iliyoandaliwa leo asubuhi, kesho asubuhi imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Dawa ya namna hiyo huwezi kuiagiza ng'ambo ikafika. Kinachosafiri ni mzazi wake, molibdenamu-99, anayepungua nusu kwa saa 66, akiwa amefungiwa ndani ya chombo kidogo chenye kuta za risasi. Mafundi wa kazi hii ulimwenguni humwita ng'ombe, na ninyi mliokulia kwenye mazizi ya Mpimbwe mtaona mara moja kwa nini. Asubuhi wanapitisha maji ya chumvi ndani ya chombo, teknesiamu inatoka nayo na molibdenamu inabaki. Wanamwacha, na kesho yake ana maziwa tena. Ila ng'ombe huyu hudhoofika kila siku, na baada ya wiki hivi inabidi aletwe mwingine.

Molibdenamu hiyo hutengenezwa katika vinu vichache tu vya nyuklia duniani. Kimojawapo kipo Afrika, kinu cha Safari-1 huko Pelindaba, Afrika Kusini. Mwaka 2009 kinu cha Chalk River nchini Kanada kilipozimwa kwa matengenezo, na mwaka uliofuata cha Petten, Uholanzi, kikazimwa nacho, hospitali za nchi tajiri zilikosa dawa na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Nawaambia haya ili mwelewe kwa nini tarehe ya miadi si ya kuchezea. Dawa ya baba yako haiwekwi kwenye friji ikamsubiri. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, iwe kwa treni ya Kaliua na Tabora au kwa basi, na gari linaweza kuharibika, na masika yana mambo yake. Mfike siku mbili kabla. Mnao ndugu Mbagala au Gongo la Mboto. Kama hamna, mwoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuondoka, awaelekeze kuhusu malazi na gharama. Kumwona si aibu, kazi yake ndiyo hiyo.

Treni hiyo ya Kaliua haikuwekwa kwa ajili yetu abiria. Waingereza waliijenga reli ile mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya risasi iliyochimbwa Mukwamba, jirani na mji wetu, na kampuni ya Uruwira Minerals. Vijana mnapita kwenye yale machimbo na hamjui kwamba mji wa Mpanda ulikua kwa madini hayo. Na risasi ndiyo ngao ya kazi hii yote ninayowasimulia. Chombo cha molibdenamu kimevikwa risasi. Kichupa cha dawa kinakaa ndani ya risasi. Hata mbele ya kamera kuna bamba la risasi lenye maelfu ya matundu membamba, yanayopitisha mwonzi ulionyooka tu na kuuzuia uliokwenda upande. Nyuma ya bamba ipo fuwele kubwa ya iodidi ya sodiamu, ambayo kila ikipigwa na mwonzi humeta kidogo, na kompyuta huhesabu metameta hizo na kuchora zilikotoka. Kamera hiyo ilibuniwa na Hal Anger wa Berkeley katika miaka ya 1950.

Basi mmefika. Ocean Road iko ufukweni, si mbali na Ikulu, na majengo yake ya zamani yalijengwa na Wajerumani miaka ya 1890. Taasisi yenyewe ilianza kujitegemea mwaka 1996. Siku ya kipimo mzee ale na anywe kama kawaida, hakuna kufunga. Atachomwa sindano kwenye mshipa wa mkono, maumivu ni yale yale ya sindano yoyote, halafu atasubiri saa 2 hadi 4, kwa kawaida 3. Subira hiyo ina kazi. Karibu nusu ya dawa inashika mifupani, na iliyobaki inapita kwenye figo na kutoka kwa mkojo. Ndiyo sababu wanamhimiza anywe maji mengi: damu na nyama zikishasafika, mifupa inaonekana vizuri.

Kabla ya kulala chini ya kamera atakwenda haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa mkojo wenye dawa hufunika mifupa ya nyonga, na nyonga ndipo saratani ya tezi dume inapopenda kukaa. Mzee mwenye tezi iliyovimba hukojoa kwa shida na hubakiza. Mwambieni mhudumu mapema, msingoje aone kwenye picha. Jambo jingine dogo ambalo watu wanaona haya kulisema: tone la mkojo likiangukia suruali, kamera inalichora, na doa la suruali linaweza kudhaniwa la mfupa wa paja. Mchukulieni mzee suruali ya kubadili. Mtanishukuru.

Kamera yenyewe haina handaki lenye kelele kama MRI. Mzee analala chali, bamba moja juu yake, jingine chini, yanapita taratibu kuanzia kichwani hadi miguuni kwa nusu saa hivi au zaidi kidogo. Anachotakiwa ni kutulia. Mwenye mgongo unaomuuma hawezi kutulia nusu saa juu ya meza ngumu, kwa hiyo dawa yake ya maumivu ainywe kwa wakati.

Kuhusu mionzi, hofu yenu naijua na siidharau. Skani moja humpa mtu kiasi cha milisiveti 4 hadi 5. Binadamu wa kawaida, hata asiyewahi kuingia hospitali, hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani, angani na katika chakula. Kwa hiyo mzee amepokea kwa siku moja kile ambacho dunia ingempa kwa takriban miaka miwili. Si sifuri, ndiyo maana haipigwi bila sababu, na matumizi ya mionzi nchini yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu chini ya sheria ya mwaka 2003. Lakini kwa mzee mwenye saratani inayotafutwa, faida inaizidi hatari kwa mbali. Siku hiyo aendelee kunywa maji, amwagie choo maji mengi, anawe mikono, asimpakate mjukuu mchanga kwa muda mrefu wala kulala karibu na mjamzito mpaka kesho yake. Kama mgonjwa ni mama mwenye mimba au anayenyonyesha, aseme kabla ya sindano. Hakuna zaidi. Haambukizi mtu, na sahani yake haitengwi.

Sasa nije kwenye majibu, maana hapo ndipo familia zinapoumizana. Mtapewa picha ya mifupa yote, mbele na nyuma, nyeusi juu ya nyeupe, na penye shughuli nyingi patakuwa peusi zaidi. Mtu anaipiga picha hiyo kwa simu, anaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na kabla daktari hajaandika neno, shangazi wa Sumbawanga ameshaanza kulia.

Alikuja kwangu kijana mmoja kutoka machimbo ya dhahabu, simu mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona hivyo?"

"Baba amekwisha, babu. Mbavu nne zina madoa."

"Yamekaaje? Yametawanyika, au yamefuatana?"

Akaikuza picha kwa vidole. "Yamefuatana. Moja chini ya nyingine, mstari."

"Baba yako alianguka lini?"

Akanyamaza kwanza. "Masika. Pikipiki iliteleza njia ya Sitalike. Alilala wiki nzima nyumbani, hospitali hakwenda."

"Daktari wa Dar es Salaam mlimwambia?"

"Hakutuuliza, babu."

Mbavu zinazofuatana kwa mstari, kila moja na doa lake mahali palepale, kwa kawaida ni dalili ya kugongwa au kuanguka. Saratani haina mpangilio huo; hutawanyika, doa kwenye pingili, jingine kwenye nyonga, jingine kwenye bega, na katika ubavu hupenda kurefuka kufuata ubavu wenyewe. Sikumwambia kijana yule kwamba baba yake ni mzima, kwa sababu mtu anaweza kuanguka na kuwa na saratani pia. Nilimwambia apige simu alikopewa majibu, leo hii, na kueleza habari ya pikipiki. Daktari akishajua, anaweza kuagiza picha ya CT ya mahali penyewe na kulinganisha. Asipojua, anasoma gizani.

Na maisha yetu ya Katavi yamejaa mambo ya kumweleza. Mrina asali wa Inyonga aliyeanguka mtini. Mchimbaji aliyefukiwa na kifusi akatolewa. Mama aliyeinama na jembe miaka arobaini katika mpunga wa Mwamapuli, magoti na kiuno vikalika. Mzee aliyekimbia Burundi mwaka 1972 akiwa na jeraha la mguu na kufika Katumba likiwa limejifunga lenyewe. Mfupa uliovunjika huweza kuonekana kwenye skani kwa mwaka mmoja au miwili, na mara nyingine kwa muda mrefu zaidi. Jino bovu huchora doa kwenye taya. Hata dawa ikivuja kidogo pale ilipochomwa, kuna doa kwenye mkono. Na mtoto anayekua ana weusi kila ncha ya mfupa mrefu, nao ni afya, si maradhi.

Kinyume chake nacho mkijue. Iko saratani ya uboho, ile ya mayeloma, inayobomoa mfupa bila kuchochea ujenzi. Skani inaweza kuipita bila kuiona. Iko pia picha inayoonekana safi kupita kiasi, mifupa yote imekoza sawasawa na figo hazionekani kabisa. Asiye mtaalamu atasema Alhamdulillahi, kumbe saratani imeenea kila mahali, mifupa imekunywa dawa yote na figo hazikubakiziwa kitu. Na ipo hali ya kushangaza zaidi: miezi michache baada ya kuanza matibabu, madoa yanaweza kukoza au hata kuongezeka kwa sababu mfupa unapona na kujijenga. Nimewaona watoto wakimwachisha baba yao dawa zilizokuwa zinamsaidia, kwa kuwa walilinganisha picha mbili wenyewe sebuleni. Sina neno la upole kwa jambo hilo.

Niseme sasa na wanaume. Wengi wa wanaopelekwa kwenye kipimo hiki ni wazee wa tezi dume, na kina mama wenye saratani ya matiti. Wanaume wa huku wanafika wakiwa wamechelewa, na aibu ndiyo inayowachelewesha. Mzee anaamka usiku mara nyingi kwenda haja, mkojo unakatika, anasema ni umri. Kiuno kinauma, anasema ni jembe. Huenda kweli ni umri na jembe. Kipimo cha damu cha PSA na kidole cha daktari vitasema, na vyote viwili havichukui nusu saa. Lakini miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukigoma kutoka kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo, hapo hakuna kungoja skani, wala Jumatatu. Uti wa mgongo unabanwa. Siku hiyo hiyo hospitali, maana miguu iliyokwisha kupooza ni nadra kurudi.

Na waunga mifupa wetu nawaheshimu. Mfupa wa mkono uliokatika shambani wameuweka sawa kabla hospitali hazijafika vijijini. Ila mgongo wa mzee unaouma usiku akiwa amelala, bila kuanguka, usikandwe wala kuvutwa. Pingili iliyoliwa na saratani huvunjika kwa nguvu ndogo sana.

Wenye watoto wa selimundu, na nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo, nanyi mnaweza kupewa rufaa hiyo hiyo, kutazama kama mfupa umekosa damu au umeingiwa na vijidudu. Hapo picha hupigwa kwa awamu, ya kwanza wakati sindano inaingia, ya pili dakika chache baadaye, ya mwisho baada ya saa 3. Msishangae mkiitwa mara tatu, mashine haijaharibika.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, kaeni na mzee wenu jioni moja, redio ikiwa imezimwa. Mwulizeni tangu utoto: alianguka wapi, alivunjika nini, nani alimuunga, alipasuliwa wapi, jino gani linamsumbua, kiungo gani kinauma asubuhi na kipi usiku, dawa gani anakunywa, za hospitali na za miti shamba. Muulizeni na mama, kwa maana wazee wa kiume husahau walivyolia. Yaandikeni kwenye karatasi kwa mwandiko unaosomeka, pamoja na miaka, mtie na picha za zamani za eksirei mlizozisukuma chini ya godoro. Bahasha hiyo akabidhiwe daktari kabla ya sindano, hata kama hakuiomba.

Mtakaoshindwa kuandika, njooni kwangu Jumamosi, tutaandika pamoja.